Mstari Ulioandikwa Mezani

Vijana wa chumba cha swichi, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau sijaanza. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Mimi nimewasahihisha ninyi miaka mingi na hakuna aliyekufa kwa hilo. Aliyekufa alikufa kwa jambo jingine, na hilo nitalifikia.

Kiswahili changu ni cha kambi. Baba alikuwa askari magereza Jinja. Katika laini zile za askari kulikuwa na Wagisu kama sisi, Wateso, Waacholi, Walugbara, na kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya kuombea Mungu. Ya kugombana ilikuwa Kiswahili. Watu wa mjini waliisikia lugha hii wakakunja uso, kwa sababu waliowaletea zamani waliileta pamoja na bunduki. Kwetu ilikuwa lugha ya kuazima chumvi.

Siku ya kwanza kazini kampuni ya simu, hapo hapo Jinja, nilipewa ndoo, fagio na onyo. Onyo lilisema: kile chumba chenye baridi piga deki mpaka mlangoni, ndani usiingie. Ndani alikaa Mzee Rajabu. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari waliotoka Sudani, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini kabla ya kuja kampuni. Sote tulimwita afande, na mwisho hata meneja akamwita afande.

Siku ya tatu alifungua mlango akanitazama na fagio langu.

"Wewe mama, unajua kuandika?"

"Najua, afande. Naandika barua za wanawake wa laini."

"Unaandika kile wanasema, ama unaandika kile wewe unataka?"

"Kile wanasema. Hata matusi."

"Ingia. Vua viatu."

Msidhani alinichagua kwa akili. Alinichagua kwa sababu wahandisi wenye digrii walikuwa hawataki kuandika. Kila mmoja alifungua kitu, akafunga kitu, akaenda kula, na kesho yake hakuna aliyejua nani alifanya nini. Mzee Rajabu alitaka mtu mmoja asiyeona aibu kushika kalamu.

Ninyi mnaijua swichi, lakini watoto wenu watakaosoma haya hawaijui. Ni kisanduku cha bati chenye matundu mengi na taa ndogo, na mazungumzo ya mji mzima yanapita humo kwenda yanakokwenda. Swichi huandika habari zake yenyewe, hizo ndizo logi. Siku za kawaida inaandika makosa tu, maneno machache. Ikiugua na hujui inaumwa wapi, unaifungulia mdomo iseme kila inachofanya, hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo tuliyoiita treisi. Mzee Rajabu alinielezea kwa mambo ya nyumbani kwetu. Alisema treisi ni kama kumhoji mahabusu. Ukimwambia aseme makosa yake, atasema matatu. Ukimwambia aseme yote tangu alipoamka, atasema mpaka asahau kupumua.

Na kweli husahau. Treisi ikiachwa wazi kwa sauti kubwa, swichi inashughulika na kuandika kuliko kubeba mazungumzo ya watu. Kumbukumbu yake nayo ni ndogo. Ikijaa inafuta maneno ya kwanza ipate nafasi ya maneno ya mwisho. Ukichelewa kunakili, ulichokuwa unakitafuta kimeshafutwa. Ukizima umeme, vyote vimekwenda.

Sheria za Mzee Rajabu zilikuwa nne: fungua, nakili, funga, andika. Kufungua kwa kalamu nyekundu, kufunga kwa kalamu ya bluu, katika kaunta buku lenye jalada gumu: saa, tundu gani, nani ameagiza. Sikujua Kiingereza cha maagizo yale. Niliyajifunza kama mtu anavyojifunza funguo za nyumba, huu wa mlango wa mbele, huu wa stoo, na sikuwahi kufungua stoo nikitaka mlango wa mbele. Sheria ya tano hakuibandika ukutani. Alisema uandike ukiwa umesimama mbele ya swichi, buku likiwa juu ya goti, kabla mkono wako haujagusa kitu kingine.

"Kwa nini nisikae, afande? Meza si ile pale?"

"Ukikaa mezani unaanza kutunga."

Kwa hiyo mabuku yangu yote yana mwandiko wa mlevi. Siyaonei haya.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa chuo kimoja cha wauguzi, ambacho laini yake ilikufa kila siku mchana na kufufuka yenyewe. Wahandisi walibadilisha waya, wakabadilisha kila walichoweza, wakasema ni jua. Mzee Rajabu akaniambia nifungue treisi ya tundu lile saa saba kasoro dakika tano, nifunge saa saba na nusu, siku tatu mfululizo. Nikazipanga karatasi tatu sakafuni nikaona: inaanguka saa saba na dakika mbili, inasimama saa saba na dakika ishirini. Nikamwambia, "Afande, hii si jua. Jua halina saa ya mkononi." Nikaenda mwenyewe. Mpishi wa walimu alikuwa akichomoa kisanduku chetu ukutani ili achomeke birika la maziwa. Alinikaribisha chai. Nilikunywa, ilikuwa nzuri, halafu nikamripoti.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema, "Buku la mama limesema." Nilifurahi sana. Ninawaambia ukweli, nilivimba. Mwanamke wa darasa la nne, wahandisi wanakuja kumuuliza saa.

Kampuni ilipofungua kituo Mbale, kule eneo la viwanda, niliomba kurudi kwetu nikapewa. Nilipata chumba Nkoma. Pamoja nami alikuja Wetaka, fundi wa nguzo, kijana wa kwetu Bugisu, mrefu, mwenye mdomo. Alipanda nguzo kama anapanda kitanda. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu.

"Mama, hii buku yako itafika mbinguni mbele yetu."

"Itafika, na jina lako limo. Jana ulichelewa."

"Si ni mvua!"

"Mvua nimeiandika. Ilianza saa tatu. Wewe ulitakiwa saa mbili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpenda kama ninavyowapenda wangu.

Sasa niingie katika siku yenyewe.

Ulikuwa mwaka wa imbalu, mwaka wa kutahiri, na Mbale nzima ilikuwa barabarani. Hospitali moja ya wazazi nje kidogo ya mji ililalamika kwamba simu zao zinakatika. Simu zao zilipita katika swichi yangu. Wetaka alitumwa kwenda kukagua waya kwenye nguzo ya hospitali. Mimi nilipigiwa na mhandisi wa makao makuu: fungua treisi ya tundu lao, sauti ya juu kabisa, nusu saa, nakili, funga. Nikafungua saa sita na robo mchana. Nikaandika kwa nyekundu, nimesimama.

Dakika kumi hazikuisha nikasikia ngoma za kadodi, zile za watahiriwa, zinateremka barabara ya viwanda. Niliwajua kwa filimbi. Alikuwa Kuloba, mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu, amepakwa unga wa mtama usoni, njuga mapajani, kundi nyuma yake. Mtahiriwa huzunguka kwa ndugu zake kabla ya kisu. Ndugu asipotoka kumpokea, watu husema huyu hana watu, na maneno hayo yatamfuata mpaka uwanjani, pale anapotakiwa asipepese jicho.

"Kukhu! Kukhu, toka!" Wanamwita bibi yake, barabara nzima inasikia.

Nilitoka. Nilisema dakika tano. Nikacheza. Magoti haya mnayoyaona yanapanda ngazi kwa kulia, siku ile yalicheza. Halafu wakasema, kukhu hajatoa kuku. Kuku wangu alikuwa Nkoma. Nikaenda nao mpaka Nkoma, nikamfunga jogoo mweupe, nikampa Kuloba mkononi mbele ya majirani wote, wakapiga vigelegele. Nilikuwa bibi mwenye fahari kuliko wote katika mtaa ule.

Nilirudi saa kumi kasorobo. Chumba kilikuwa na joto. Taa za swichi hazikupepesa, zilikodoa tu, zote kwa pamoja, kama macho ya mtu aliyezimia. Nikaandika agizo la kufunga. Haikunisikia. Nikazima umeme, nikahesabu kumi, nikawasha. Ikaamka safi, treisi imefungwa, haina neno hata moja ndani yake la siku ile. Mazungumzo yakaanza kupita.

Simu ya kwanza kupita ilikuwa ya hospitali. Mwanamke aliyejifungua saa nane alikuwa amevuja damu. Walijaribu kuomba damu mjini kwa laini yetu, haikupita. Mtauliza simu za mkononi zilikuwa wapi. Walipiga. Iliita kwa mtu ambaye hakuwa zamu. Walipompata aliyekuwa zamu, mwanamke alikuwa amekwisha. Mtoto alibaki. Jina la yule mama ninalijua, lakini silitaji hapa. Watoto wake hawajaniruhusu.

Nikatazama buku. Nyekundu ilikuwepo: imefunguliwa saa sita na robo. Nafasi ya bluu ilikuwa tupu.

Niliketi mezani. Nikavuta kiti, nikaweka buku sawa, nikaandika kwa bluu: imefungwa saa saba kasorobo. Herufi zilitoka nzuri, zimesimama kama askari kwenye paredi.

Kesho yake walimkamata Wetaka. Walinzi wa hospitali walikuwa wamemwona juu ya nguzo na koleo mkononi, saa nane, saa ile ile laini ilipokufa. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kufika nyumbani kwa Wetaka na mawe. Kampuni ilituita ofisini, meneja, yule mhandisi wa makao makuu kwenye simu, mimi, na Wetaka akiwa katikati ya polisi wawili, hana mkanda wa suruali.

"Mama," meneja akasema, "treisi ilifungwa?"

Niliweka buku mezani. Akasoma kwa sauti, saa sita na robo, saa saba kasorobo. Mhandisi kwenye simu akapumua, nilimsikia, maana yeye ndiye aliyeagiza sauti ya juu. Meneja akasema, "Buku la mama halijawahi kusema uongo."

Wetaka alikuwa na nafasi ya kubisha. Angeweza kusema mwanamke huyu anadanganya, mwulizeni alikuwa wapi, ngoma zilipita mji mzima. Alinitazama, halafu akatazama buku.

"Kama buku ya mama inasema imefungwa, basi imefungwa," akasema. "Labda kweli kuna kitu nimegusa. Sijui. Labda nimegusa."

Hayo ndiyo niliyobeba. Watu hudhani uongo unauma ukibishiwa.

Alikaa mahabusu wiki mbili. Kesi haikusimama, lakini kazi ilikwisha, na jina likabaki: yule aliyekata waya wa hospitali. Mama yake aliacha kwenda sokoni. Yeye akahama Mbale. Kuloba naye alisimama imara mbele ya kisu, hakupepesa jicho. Watu walinipongeza.

Mzee Rajabu alikuja mwaka uliofuata kunisalimia, amekwisha kustaafu, anatembea kwa fimbo. Aliomba kuona mabuku, kama mtu anavyoomba kuona wajukuu. Alifungua kurasa polepole, akitabasamu kwa mwandiko wangu wa mlevi. Akafika pale. Kidole kikasimama.

"Huu mstari umeandikwa mezani."

"Ndiyo, afande."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa amesikia habari za Wetaka, kila mtu alikuwa amesikia. Alifunga buku, akasema, "Rekebisha ukiwa bado una funguo ya hiki chumba. Ukishastaafu utakuwa mwanamke mzee tu anaongea." Chai yangu hakuinywa. Hakurudi tena. Nilikwenda kumzika, na bado nilikuwa sijarekebisha.

Niliwaambia nini ninyi miaka hiyo yote? Fungua, nakili, funga, andika. Niliwapigia kelele mkiacha treisi wazi hata dakika moja. Mlidhani ni ukali wa uzee. Kumbukeni yule msichana aliyelia, nikamwambia achukue mkoba wake arudi akiwa mtu mzima. Alikuwa ameiacha wazi robo saa. Mimi nilikuwa nampigia kelele mwanamke mwingine, yule aliyefuata ngoma.

Siku mliyoniaga mlinikalisha mbele na keki. Mwalimu wa mafunzo akasimama na buku langu la zamani, akasema anataka wanafunzi wapya waone kumbukumbu za treisi zinavyotakiwa kuandikwa. Alikuwa amepiga picha ukurasa mmoja, akaubandika ukutani, mkubwa kama mlango. Aliuchagua, akasema, kwa sababu ndio wenye mstari unaosomeka kuliko yote.

Mlipiga makofi. Nilikula keki.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa meneja mpya, nikamwambia. Aliniambia faili limefungwa, tena kwa upole, akanisindikiza mpaka getini akiniita jajja, yaani bibi. Mzee Rajabu alikuwa amesema kweli. Nikachukua buku, wakaniachia kama ukumbusho, nikapanda gari mpaka Bugembe, karibu na Jinja.

Wetaka ana kibanda kando ya barabara kuu, anatengeneza redio na chaja za simu. Ana mvi. Alisimama aliponiona, akafuta kiti kwa shati.

"Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaa."

"Kaa wewe kwanza, mama."

"Mimi nitasimama."

Nikamwambia yote, ngoma, jogoo, kiti, kalamu ya bluu. Nikamfungulia ukurasa. Aliuangalia sana. Malori yalipita, kibanda kikatikisika, hakuinua macho.

"Unajua kwa nini niliacha kupanda?" akasema mwishowe. "Si kwa sababu walinifukuza. Mtu wa Iganga aliniita kazi, nguzo, kazi nzuri. Nikafika katikati, mkono ukakataa. Nikajiuliza, nitagusa nini hapa, nani atakufa. Nikashuka. Mpaka leo, mama, nikifungua redio ya mtu naangalia mkono wangu kama mwizi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Hiyo ngoja." Akaninyamazisha kwa kiganja. "Mama yangu amekufa akijua mimi niliua mtu. Hiyo utanisaidia namna gani?"

 

Mteja akaja na redio yake, Wetaka akamhudumia, akamcheka kidogo kwa betri alizoweka kichwa chini, kama Wetaka wa zamani. Mteja alipoondoka, ule uso ukafungika tena. Alinirudishia buku.

"Andika," akasema. "Waandikie hao vijana wako wanaopigia makofi huo ukurasa. Na ndugu wa yule mama, uwapelekee kwa mkono wako, wewe mwenyewe. Mimi nataka yangu pia."

"Nitaandika."

"Si mezani, mama."

Basi haya yote nimeyaandika nikiwa nimesimama barazani kwangu Nkoma, mguu mmoja juu ya stuli, buku juu ya goti, siku sita, maana goti halivumilii zaidi ya nusu saa. Mtaona mwandiko unayumba. Nakala ya kwanza imekwenda Bugembe. Ya pili nitaipeleka Jumamosi nyumbani kwa yule mama, mtoto aliyebaki sasa ni mkubwa wa kusoma. Ya tatu ni yenu. Ile picha iondoeni ukutani, mweke hii mahali pake:

Tundu la hospitali. Treisi imefunguliwa saa sita na robo mchana, sauti ya juu. Haikufungwa. Wetaka hakugusa kitu.